Kuhariri Video kwa Mwanafunzi wa Mombasa: Anza na Dakika Mbili za Kahawa

Kila muhula maswali ni yale yale. "Nitumie programu gani?" "Mbona laptopu yangu inakwama?" "Mbona sauti haiendi sambamba na midomo?" Na lile la nne, ambalo huja usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi: "Klipu zangu zote zimegeuka nyekundu, nifanyeje?" Nimeyajibu kwenye ngazi za chuo, nimeyajibu ndani ya matatu, na mara moja nimeyajibu nikisubiri feri Likoni huku muulizaji ameshika laptopu wazi mkononi kama sinia. Sasa nayaandika.

Hapa unachukuliwa kuwa hujawahi kuhariri chochote. Tutatengeneza video moja tu, ya dakika mbili, kuhusu mzee anayeuza kahawa Mji wa Kale. Nimemchagua muuza kahawa kwa sababu kazi yake ina sauti (vikombe vikigonganishwa utavisikia kabla hujakata kona), ina mikono inayofanya jambo, na mwenyewe hana haraka. Kama kwenu hakuna muuza kahawa, tafuta fundi viatu au mama wa viazi karai. Usianze na harusi ya dada yako. Harusi haina marudio.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Simu yenye kamera ya 1080p, yaani picha ya 1920 kwa 1080. Inatosha kabisa. 4K iache kwanza, itakujazia kadi na kuikaba laptopu bila faida yoyote utakayoiona.
- Laptopu yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8. Ya GB 4 itajikokota, lakini kuna njia ya kuisaidia katika hatua ya 4. Kama huna laptopu, hariri kwa simu. Hatua ni zile zile, vidole tu ndivyo vitakavyochoka.
- Programu ya Shotcut. Ni ya bure, haibandiki nembo yake juu ya video yako, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kdenlive nayo ni nzuri na ni bure. DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye nguvu ajabu, ila inataka mashine yenye nguvu vilevile. Nimeona watu wakimaliza wiki nzima wakihangaika kuifungua tu. Iache mpaka uijue kazi.
- Hedifoni za waya. Nasema za waya kwa makusudi: za Bluetooth huchelewesha sauti kidogo, nawe utakaa saa nzima ukirekebisha kosa lisilokuwepo.
- Nafasi tupu ya GB 20 kwenye laptopu, na hadi diski au flashi ya kuwekea nakala.
- Daftari na kalamu. Usicheke.

Programu ipakue kwa wifi ya chuo, si kwa bando lako. Na uipakue kwenye tovuti yake yenyewe. Zile zinazopitishwa kwenye flashi zikiwa "zimevunjwa" huja na virusi, tena bila sababu, maana Shotcut ni ya bure tangu hapo.

Hatua ya 1: Piga picha ukijua utakata

Anza na ruhusa. Usimwelekezee mtu simu halafu ndio umuulize. Mimi huenda mikono mitupu: "Shikamoo mzee. Mimi ni mwanafunzi, naomba nikupige video ukiwa kazini, ni kazi ya darasa." Jibu nililopewa mara ya kwanza ni "Kaa kwanza unywe." Basi nikakaa, nikanywa vikombe viwili na kashata juu. Mpaka natoa simu alikuwa ameshanizoea na hakujikaza tena.

Sasa mambo ya simu yenyewe.

Ilaze. Video ya kulala na ya kusimama hazichanganyiki, kwa hiyo amua mapema na ushike moja. Kwa kazi ya darasa, ilaze.

Epuka mchana. Jua la Mombasa la saa sita linakaa juu ya utosi, na mtu mwenye kofia atakuwa na shimo jeusi mahali pa macho. Nenda kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Vichochoro vya Mji wa Kale vina mtego wao: ndani kivuli, mwisho wa kichochoro jua kali. Gusa uso wa mzee kwenye skrini na ushikilie kidole mpaka simu ifunge mwanga hapo, la sivyo picha itakuwa ikiangaza na kufifia kila apitapo mtu aliyevaa kanzu nyeupe.

Kila klipu iachie sekunde tano kabla ya tendo na sekunde tano baada yake. Huu ndio ushauri ambao wanafunzi huupuuza kuliko wote, halafu wakifika kwenye kukata hawana pa kushika.

Piga hivi, visipungue: mzee na mtaa wote kwa mbali; mzee kuanzia kiunoni; uso wake; mikono ikimimina kahawa kutoka kwenye dele (birika la kahawa); makaa chini ya dele; vikombe vikigonganishwa; mteja akipuliza kikombe; sarafu zikibadilishana mikono. Halafu mahojiano, dakika tano hivi. Halafu sekunde 60 za kutofanya chochote, simu imeshikwa tu na watu wote wamenyamaza, ili upate sauti ya mahali. Utanishukuru ukifika hatua ya 7.

Tahadhari: usimhoji wakati adhana ikikaribia. Kuna heshima yake, hilo unalijua. Lakini kuna na la ufundi pia. Ukimkata mzee katikati ya sentensi huku adhana ikisikika nyuma, adhana nayo itakatika, na kila msikilizaji wa Mombasa ataligundua hilo papo hapo. Vivyo hivyo kwa muziki wa matatu. Subiri upite.

Hatua ya 2: Hamisha klipu, zipe makao

Tengeneza folda moja, iite KAHAWA. Ndani yake weka nyingine nne: VIDEO, SAUTI, MUZIKI, MRADI. Hamisha klipu kutoka simuni kwa waya wa USB mpaka kwenye VIDEO. Kisha nakili folda nzima kwenye hadi diski. Baada ya hapo ndipo unaweza kufuta za simuni, na mimi bado sifuti mpaka kazi ikabidhiwe.

Hapa pana makosa mawili yanayoua kazi nyingi kuliko yote niliyoyaona.

La kwanza, kutumiana klipu kwa WhatsApp kama video za kawaida. WhatsApp huzibana, na picha safi hufika imechakaa kama kanga ya kudekia. Kama lazima utumie WhatsApp, zitume kama dokumenti, hapo hazibanwi.

La pili, kuhariri ukiwa umechomeka flashi, klipu zikiwa ndani ya hiyo flashi. Elewa jambo hili moja: faili ya mradi haibebi video zako. Inabeba maagizo tu: chukua klipu fulani, mahali fulani, kata hapa, unga pale. Ukichomoa flashi, ukibadilisha jina la folda, au ukihamisha klipu kwenda kwingine, programu inakwenda pale pa zamani na kukuta patupu. Huo ndio wekundu unaoulizwa saa saba za usiku. Klipu za mzee wangu wa kwanza nilizipoteza hivyo hivyo. Flashi haikuwa yangu, mwenyewe akaitaka, na nakala sikuwa nayo.

Hatua ya 3: Tazama zote, kalamu mkononi

Usifungue programu bado. Tazama kila klipu mpaka mwisho, hedifoni masikioni, na uandike daftarini: jina la faili, dakika, kilichomo. "Klipu 14, 0:32, anacheka." "Klipu 9, yote, upepo, haifai." Klipu za dakika 15 zitakula saa nzima. Ni saa iliyotumika vizuri.

Kisha chagua sentensi tano au sita tu za mzee ambazo zikisomwa kwa mfuatano zinaeleweka bila wewe kuongeza neno. Hizo ndizo mifupa ya video. Ukizikosa, rudi ukamhoji tena. Hakuna muziki wala madoido yatakayokuokoa.

Hatua ya 4: Fungua mradi na uweke vipimo

1. Fungua Shotcut, tengeneza mradi mpya, uuhifadhi ndani ya folda ya MRADI.
2. Weka ukubwa wa 1080p, na idadi ya fremu (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde ilingane na ya klipu zako. Simu nyingi hupiga 30, kwa hiyo weka 30. Kama simu yako inaruhusu 25 na ulipiga 25, weka 25. Usiiachie programu iamue yenyewe, kwa sababu itafuata klipu ya kwanza utakayoingiza, na pengine hiyo ndiyo ile uliyoipiga kwa bahati mbaya simu ikiwa imesimama.
3. Kama laptopu ni dhaifu, nenda kwenye Settings uwashe proksi. Programu itatengeneza nakala nyepesi za klipu ufanyie kazi hizo, kisha wakati wa kutoa video ya mwisho irudie zile halisi. Hufanya laptopu ya GB 4 ipumue.
4. Buruta klipu ulizozichagua uziingize. Zilizochaguliwa, si zote.

Skrini isikutishe. Juu kuna dirisha la kutazamia. Chini kuna taimlaini, ule ukanda mrefu ambako klipu hupangwa kushoto kwenda kulia, na kila safu iliyo juu hufunika iliyo chini yake. Vingine vyote vitajieleza vyenyewe ukivihitaji.

Jifunze vitufe hivi vya Shotcut leo, ile kazi ya kutafuta kwa kipanya uiache: S hukata klipu pale ulipo. X huondoa kipande na kuziba pengo. Z huondoa kipande na kuacha pengo. A huongeza klipu mwishoni mwa ukanda. J, K, L hurudi nyuma, husimama, huenda mbele. Mishale ya kushoto na kulia hukusogeza fremu moja moja. Na Ctrl pamoja na S huhifadhi. Stima hupotea bila kupiga hodi, na betri ya laptopu ya mwanafunzi kila mtu anaijua ilivyo. Hifadhi kila baada ya dakika tano.

Hatua ya 5: Mkato wa kwanza, uwe mbaya

Weka zile sentensi tano au sita za mzee kwenye safu ya chini kwa mfuatano. Basi. Hakuna muziki, hakuna rangi, hakuna maandishi. Itakuwa ya dakika tatu au nne na itaonekana ya ovyo. Ndivyo inavyotakiwa.

Sasa funga macho usikilize. Ndiyo, funga. Ukisikiliza bila kuona utajua wapi anajirudia, wapi anapotea, wapi amepanda. Kata hapo.

Nikuonyeshe kwa karibu. Mzee alisema hivi, kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa:

"Mimi kazi hini… eeh… kazi hini nalianza zamani, wewe hujazaliwa, eeh, na kikombe, kikombe kilikuwa, ngoja nikumbuke… thumni."

Mwanafunzi mmoja aliipunguza ikawa: "Kazi hini nalianza zamani. Kikombe kilikuwa thumni." Safi, lakini imekufa. Mimi ningeacha hivi: "Kazi hini nalianza zamani, wewe hujazaliwa. Na kikombe kilikuwa, ngoja nikumbuke… thumni." Zile "eeh" na marudio ya "kazi hini" na "kikombe" yameondoka. "Wewe hujazaliwa" inabaki kwa sababu ndiyo utani wenyewe. "Ngoja nikumbuke" inabaki kwa sababu hapo anainua macho juu, na mtazamaji anakumbuka pamoja naye. Unakata kigugumizi, humkati mtu. Na kamwe usiunganishe nusu mbili za sentensi zikasema jambo ambalo mwenyewe hakulisema. Huo si uhariri.

Kila ulipokata, utaona kichwa cha mzee kinaruka. Usiogope, hatua inayofuata ndiyo dawa.

Hatua ya 6: Funika, kisha uipe sauti nafasi ya kutangulia

Ongeza safu ya pili ya video juu ya ile ya kwanza. Kila kichwa kinaporuka, weka juu yake klipu ya mikono, ya makaa, au ya vikombe. Sauti ya mzee inaendelea chini, macho yanaona kahawa ikimiminwa, na mkato hauonekani. Ndiyo maana nilikusisitizia upige mikono.

Klipu ya kufunika iwe na sekunde tatu mpaka tano. Chini ya mbili humsumbua mtu kama hakuna sababu. Na iendane na maneno, lakini isiyafuate kama mtumwa: akisema "makaa" si lazima tuone makaa sekunde ile ile.

Kuna ufundi mmoja unaotenganisha video ya mwanafunzi na ya mtu anayejua kazi, na hauhitaji programu ya pesa. Wanaoanza hukata picha na sauti mahali pamoja, kama kisu kwenye mkate wa sinia. Jaribu kuiacha sauti itangulie. Mfano wa mwanzo wa video yetu:

- Sekunde 0 mpaka 3: skrini nyeusi. Tunasikia vikombe tu, vikigongana.
- Sekunde 3 mpaka 7: kichochoro, mzee kwa mbali. Vikombe vinaendelea.
- Sekunde 7 mpaka 11: mikono na dele kwa karibu. Sauti ya mzee inaanza hapa, kabla hatujauona uso wake: "Kazi hini nalianza zamani…"
- Sekunde 11: uso. "…wewe hujazaliwa."

Kwenye Shotcut, bofya klipu kwa kitufe cha kulia uchague kutenganisha sauti. Sauti inashuka kwenye safu yake, nawe unaweza kuirefusha au kuifupisha bila kuigusa picha.

Na ile mipito ya kuzungusha skrini, kupasua picha, nyota na mioyo? Zimo kwenye programu. Zimo pia kwenye kila video ya wanaoanza niliyowahi kutazama. Mkato mkavu unatosha kwa kazi yote hii, labda na kufifia mara moja mwishoni.

Hatua ya 7: Sauti

Hii ndiyo hatua ndefu kwangu, na ndiyo fupi kwa wanafunzi. Watu huvumilia picha mbovu. Sauti mbovu hawaivumilii hata kidogo.

1. Washa kipimo cha sauti. Maneno ya mzee yapande mpaka kati ya desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) −12 na −6. Yasiguse 0 kamwe. Yakigusa hapo yanapasuka, na yakishapasuka hayashoniki.
2. Sauti zote za mahojiano zilingane. Mtazamaji asiwe anapandisha na kushusha sauti ya simu.
3. Chukua zile sekunde 60 za ukimya ulizorekodi uzitandaze chini ya mahojiano yote, kwa sauti ndogo. Bila hizo, kila ulipokata patasikika shimo. Nazo, mtaa unakuwa mmoja mwanzo mpaka mwisho.
4. Kwenye kila mkato wa sauti, weka kufifia kwa fremu mbili tatu. Huondoa kile kimlio cha "tik".
5. Muziki uwe wa mwisho, na uwe chini ya maneno kwa desibeli 18 mpaka 20. Utadhani ni mdogo mno. Si mdogo.

Video yangu ya kwanza kabisa niliionyesha darasani kwa fahari. Ilipoisha mtu wa nyuma akauliza, "Mzee alikuwa anasema nini?" Nilikuwa nimemfukia kwa muziki wa udi. Mimi maneno niliyajua kwa kichwa, kwa hiyo nilikuwa nikiyasikia hata yasiposikika. Ndiyo sababu nakuambia umpe hedifoni mtu ambaye hajawahi kuiona.

Na huo udi utautoa wapi? Usichukue taarab ya mtu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda utunzi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Zein l'Abdin, bingwa wa udi wa Mombasa, alifariki 2016, kwa hiyo tungo zake zina wenyewe mpaka mwisho wa 2066. YouTube ina maktaba yake ya muziki wa kutumiwa bure. Soma masharti ya kila wimbo, kwani baadhi hutaka umtaje mtunzi. Au mtafute rafiki apigaye udi au gambusi, umrekodi, umtaje. Au usiweke muziki kabisa. Vikombe vya kahawa ni muziki tosha.

Hatua ya 8: Rangi na maandishi

Rangi: sawazisha mwanga kwanza, kisha weupe. Tafuta kitu unachokijua kuwa ni cheupe, kama kofia au kikombe, urekebishe mpaka kiwe cheupe kweli. Fanya hivyo kwa kila klipu. Inatosha.

Maandishi: kama maneno ya mzee hayasikiki vizuri kwa mtu wa mbali, yaandike chini. Mistari isizidi miwili, na kila mmoja usizidi herufi 40 hivi. Maneno ya Kiswahili ni marefu, mstari hujaa haraka, kwa hiyo gawanya mahali pa kupumua. Programu zinazoandika zenyewe huchanganyikiwa na lugha ya pwani: "thumni" itaandikwa chochote kile, na "nalianza" itageuzwa "nilianza". Rekebisha kwa mkono, na usimsahihishie mzee Kimvita chake. Herufi ziwe nyeupe, na kivuli cheusi nyuma.

Hatua ya 9: Toa video ya mwisho

1. Tazama yote mara moja bila kusimama. Andika kasoro daftarini, rekebisha, hifadhi.
2. Bonyeza Export. Chagua MP4 yenye H.264 (namna ya kubana picha), na sauti ya AAC (namna ya kubana sauti).
3. Weka Mbps 8 kwa 1080p. Hicho ndicho kiwango YouTube inachopendekeza kwa video ya kawaida. Hesabu yake ni nyepesi: biti milioni 8 kwa sekunde ni MB 1 kwa sekunde, hivyo dakika mbili zitakuwa kama MB 120.
4. Chomeka chaji, funga programu nyingine, uondoke. Nenda ukale.
5. Itazame ile faili iliyotoka, mwanzo mpaka mwisho, kwenye laptopu na kwenye simu. Watu wengi hukabidhi faili ambayo hawajaitazama, na sekunde kumi za mwisho ni weusi mtupu.

Mwalimu akitaka mradi wenyewe, mpe folda yote ya KAHAWA, si ile faili ya mradi peke yake. Sababu unaijua tayari.

Mambo yakiharibika

*Klipu nyekundu, faili hazipatikani.* Usifute chochote. Rudisha folda mahali ilipokuwa, kwa jina lile lile, kisha ufungue mradi tena. Kama ilikuwa kwenye flashi, irudishe flashi ile ile.

*Sauti inaachana na midomo kidogo kidogo, mwishoni imepotea kabisa.* Simu haishiki idadi moja ya fremu. Huongeza na kupunguza kadiri ya mwanga. Shotcut ikikuuliza kama igeuze klipu iwe rahisi kuhaririwa, kubali. Au zipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, nayo ni bure, ukichagua idadi ya fremu isiyobadilika. Lakini kabla ya yote hayo, vua zile hedifoni za Bluetooth usikilize kwa spika.

*Laptopu inakwama hata na proksi.* Huenda simu yako hurekodi kwa H.265, ambayo hula nafasi ndogo lakini huitesa mashine ya zamani. Kwenye mipangilio ya kamera zima ule ufanisi wa juu (High Efficiency). Kwenye iPhone chagua Most Compatible. Zilizokwisha kupigwa zigeuze ziwe H.264.

*Mistari inatembea juu ya picha za ndani.* Ni taa. Umeme wa Kenya ni wa 50 Hz (mizunguko 50 kwa sekunde), na kamera inayopiga kwa kasi isiyoendana nao huona taa zikipepesa. Weka kamera kwenye hali ya Pro, kasi ya shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) sekunde 1/50 au 1/100. Kwa picha ulizopiga tayari hakuna mengi, badilisha klipu. Na kama kinachotetemeka ni kikoi cha mzee tu, hiyo si taa, ni mistari myembamba ya kikoi inayoishinda kamera. Msogelee au urudi nyuma kidogo.

*Flashi inakataa faili ingawa ina nafasi.* Imepangwa (format) kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja inayozidi GB 4. Hamisha vilivyomo, ipange upya kwa exFAT.

*Upepo umeharibu mahojiano.* Ukihariri utapunguza mngurumo kwa kukata sauti za chini, chini ya 100 Hz hivi, lakini hautaisha. Wakati wa kusi, ukiwa karibu na bahari, mkalishe mzee nyuma ya ukuta na ufunike mikrofoni kwa kipande cha sponji au hata soksi.

*Kila kitu kiko sawa lakini video inachosha na sijui kwa nini.* Mwite mtu asiyekupenda sana. Mkalishe mbele ya video, nawe ukae ubavuni mwake, usitazame skrini, mtazame yeye. Akigusa simu yake, andika ni sekunde ya ngapi. Rudi mezani, nenda sekunde kumi kabla ya hapo, bonyeza S.